Tupa, Kioo na Mfupa: Zana za Mkono za Kumalizia Soli

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama, fundi viatu, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu, Kariakoo, Dar es Salaam)

   

Kwanza kabisa sina budi kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia kuiona siku hii. Miaka kumi si mchezo. Vikundi tulivyoanza navyo pamoja hapa mtaani vingi havipo tena. Vingine vilivunjika siku ya kugawana, vingine hata siku hiyo havikuifikia. Cha kwetu kipo, sanduku lina funguo tatu kwa watu watatu, na kitabu cha hesabu kinafunguliwa mbele ya kila mtu. Tupige makofi kidogo.

Sasa niingie kwenye kazi niliyopewa. Kamati imeniomba niseme habari za zana za kumalizia soli za viatu. Waalikwa watashangaa: sherehe ya miaka kumi na soli wapi na wapi? Wanakikundi wanajua. Karibu nusu yetu tunakula kwa viatu. Wapo wanaofungua belo za viatu vya mtumba, wapo wanaoshona makubazi, na wapo akina dada saba walioanza kujifunza ufundi mwaka jana. Na katika mkutano ujao tutapiga kura: fedha za mfuko wa mradi zinunue mashine ya umeme ya kumalizia soli, ile yenye mota, mikanda ya msasa na brashi zinazozunguka, au zinunue zana za mkono kwa hao dada saba. Sitaki kuwaficha. Mimi nasimama na zana za mkono. Lakini nisiwaambie tu nichagulieni. Niwaeleze zana zenyewe ni nini na zinafanya nini, halafu kila mmoja apige kura yake akiwa anajua.

Kumalizia soli, au kama wasemavyo mafundi wetu, kupiga finishingi, ni kazi inayoanza pale watu wengi wanapodhani kazi imekwisha. Soli imeshabandikwa, imeshashonwa, kiatu kinavalika. Lakini ukingo wa soli bado umetoka nje huku na huku, gundi imechuruzika, kisigino kipya kimezidi cha zamani kwa unene wa kucha. Mteja akikitazama anasema, "Hiki kimetengenezwa." Fundi mzuri anataka mteja asiseme hivyo. Anataka aseme, "Hiki kipya." Kati ya maneno hayo mawili ndipo ilipo riziki yetu.

Chukueni mfano, na huu ni mfano tu, msije mkaninukuu bei. Mama amenunua kiatu cha kiume cha ngozi kutoka kwenye belo. Ngozi ya juu nzima, soli imelika upande wa nje wa kisigino, kama vile visigino vyetu vyote vinavyolika. Akikiuza hivyo hivyo, tuseme anapata shilingi elfu kumi na tano. Akimpa fundi wa njiani akabandika kipande cha raba na kukikata kwa kisu mara tatu, kinafika labda elfu kumi na nane, na fundi amechukua zake. Lakini kiatu hicho hicho, ukingo ukinyooshwa, ukalainishwa, ukatiwa rangi na nta, kinakaa kwenye meza moja na viatu vya dukani na kinaulizwa bei kama vya dukani. Raba ni ile ile, na kisigino ni kile kile. Kilichoongezeka ni nusu saa ya mkono wa mtu na zana tano au sita ambazo zote zinaingia kwenye kikapu cha sokoni.

Zana ya kwanza ni kisu. Hapa naomba mnivumilie, maana juu ya kisu nina mengi. Kisu cha fundi viatu wa Kariakoo hakinunuliwi dukani. Kinatokana na kipande cha msumeno wa kukatia chuma, ule mpana wa mashine, unaotupwa ukishavunjika. Ukienda Gerezani kwa mafundi chuma utaupata. Chuma cha msumeno ni kigumu, kinashika makali. Unakisaga kwenye jiwe mpaka kipate ulimi wa mshazari, halafu unazungushia mpini kwa mpira wa ndani wa baiskeli, unaukaza vizuri usiteleze mkono ukitoka jasho. Ila anayesaga asiwe na haraka. Ukikibana kwenye jiwe la mota mpaka chuma kikageuka rangi ya buluu, umekiua. Kimepoteza ugumu wake, na kitakuwa kinahitaji kunolewa kila baada ya pea moja. Chovya kwenye maji, saga, chovya tena.

Kisu kinanolewa kila asubuhi kwenye kinoo chenye maji, na kinapitishwa kwenye kipande cha ngozi kabla ya kila kiatu. Dada zangu wanaojifunza wanalalamika kwamba nawanolesha visu siku nzima. Ndiyo. Kisu butu ndicho kinachokata vidole, kwa sababu kinataka nguvu, na mkono wenye nguvu nyingi hauna breki. Kisu kikali kinakwenda chenyewe, wewe unakiongoza tu.

Na kuna siri ndogo ambayo si siri: raba hukatwa kwa maji. Chovya kisu kwenye maji ya sabuni, raba itaachia kama siagi. Kikiwa kikavu kinang'ang'ania, unasukuma, kinaruka, unakata ngozi ya juu ya kiatu cha watu. Hivyo ndivyo wanavyofanya wanaokata katambuga za matairi pia. Watazameni, pembeni yao lazima kuna kopo la maji. Soli ya ngozi nayo inataka unyevunyevu kidogo, si kulowa. Unapitisha kitambaa chenye maji ukingoni, unasubiri maji yazame, ndipo unakata. Mkato ni mmoja mrefu, unazunguka kutoka kisigino mpaka kwenye kidole. Ukikata vipande vipande, ukingo unakuwa na ngazi, na ngazi hizo hazifichiki hata kwa rangi.

Baada ya kisu inakuja tupa. Ziko mbili: ya meno makubwa, ile ya seremala, na ya meno madogo ya fundi chuma. Ya meno makubwa inaondoa alama za kisu, ya meno madogo inaondoa alama za ile ya kwanza. Nzuri ni yenye upande mmoja bapa na upande mmoja wa mviringo, kwa sababu soli ina tumbo pale katikati ya mguu, na ubapa haufiki. Tupa inasukumwa mbele, hairudishwi nyuma ikiwa imekandamizwa. Ukifanya kama unasugua sufuria, meno yanalala na tupa inakufa mapema. Raba nayo huziba meno. Kila baada ya pea moja ipige kwa brashi ya waya. Nimeona watu wanatupa tupa nzima kabisa wakidhani imekwisha, kumbe imeshiba tu.

Tupa hiyo hiyo ina kazi nyingine kabla ya kubandika, na kazi hii wengi wanairuka. Gundi ya viatu haishiki mahali panapong'aa. Lazima soli na mahali inapokaa vikwaruzwe pote, mpaka ukingoni kabisa, vumbi lifutwe, gundi ipakwe pande zote mbili kwa wembamba, iachwe mpaka ukiigusa kwa mgongo wa kidole haikushiki. Ndipo unakutanisha na kugonga kwa nyundo kutoka katikati kwenda nje. Wale wanaobandika gundi ikiwa bado mbichi ndio ambao soli zao hufumuka siku ya mvua ya kwanza. Huwezi kumalizia vizuri soli iliyobandikwa vibaya. Ukingo utakuwa na mdomo, na mdomo huo utakula msasa wako wote na bado utabaki wazi.

Ya tatu ni kioo. Naam, kioo cha dirisha. Kwa soli ya ngozi hakuna kitu kinachokwangua vizuri kama ukingo wa kioo kilichovunjika, na hakina gharama. Unakishika kwa kitambaa kinene, unakiinamisha kidogo, unakivuta kuja kwako, na ngozi inatoka nyembamba kama maganda ya kitunguu. Kikipoteza makali, unavunja kingine. Onyo langu ni moja tu: vipande vinakaa kwenye kopo lenye kifuniko, na kopo halikai chini. Tunafanya kazi na watoto migongoni na miguuni.

Msasa sina haja ya kuueleza sana. Namba ndogo ni mkali, namba kubwa ni laini. Anza na 80, nenda 120, malizia 240. Uzungushie kwenye kipande cha kandambili iliyochoka ili usikwaruze kwa vidole. Kwa ngozi, kabla ya 240, pitisha tena kitambaa chenye maji. Nyuzi za ngozi zitasimama, ziache zikauke, kisha uzikate kwa msasa. Hutazisikia tena.

Sasa nije kwenye zana ambayo dada wengi hapa hawajaiona, na ndiyo inayotofautisha fundi na mbandikaji. Nitaiita pasi ya ukingo. Ni kijiti cha chuma chenye mpini wa mbao, na mbele kina kichwa kidogo chenye mfereji unaolingana na unene wa soli. Zamani vitu hivi vilikuwa vinatoka Uingereza. Huko Sheffield kulikuwa na kiwanda cha George Barnsley and Sons, kilichoanzishwa mwaka 1836, kilichojulikana kwa visu, tupa na pasi za mafundi viatu, na zana zake zilisafiri dunia nzima. Leo kiwanda hicho kimefungwa, na zana zake za kale wanazigombania mafundi wa Ulaya na Marekani kwenye vitu vya mitumba, kama sisi tunavyogombania viatu vyao. Lakini hatuna haja ya kwenda Sheffield. Fundi chuma mwenye tupa na subira anaichonga pasi kutoka kwenye boliti nene au tupa kuukuu. La muhimu ni mfereji uwe laini kama ndani ya kijiko. Ukiwa na mkwaruzo mmoja, mkwaruzo huo utauandika kwenye kila kiatu.

Inatumikaje? Ukingo ukishalainika unautia rangi, nyeusi au kahawia, unaacha ikauke. Unapaka nta. Nta ya nyuki tunayo, Tabora inatoka kwa wingi, hakuna sababu ya kuhangaika na ya kutoka nje. Halafu unaipasha pasi moto juu ya jiko, moto mdogo. Kabla hujaigusisha kwenye kiatu, igusishe kwenye donge la nta. Nta ikiyeyuka kimya kimya, endelea. Ikitoa moshi, pasi ina moto mno, itaichoma ngozi na ukingo utakuwa mgumu na kupasuka, iache ipoe. Kisha unasugua ukingo kwa mwendo mfupi mfupi, ukikandamiza. Nta inaingia ndani ya ngozi, nyuzi zinalala, ukingo unafunga. Haulainiki tu, unakaza, maji hayapenyi upesi. Wanaodhani kung'aa ni urembo hawajatembea na kiatu cha ngozi Msimbazi wakati wa masika.

Asiye na pasi atumie mfupa. Mfupa wa mguu wa ng'ombe, uliochemshwa, ukakaushwa, ukalainishwa kwa msasa, unasugua vizuri sana. Joto linatokana na mkono wenyewe. Hata mgongo wa kijiko unasaidia. Ila jamani, haya ya nta na moto ni kwa ngozi. Soli za raba na zile za plastiki zinazomwagwa kiwandani usizipelekee pasi ya moto, zitayeyuka na kunuka, na utamlipa mwenye kiatu. Hizo unaishia kwenye msasa laini na kitambaa.

Nadhani mnaona sasa kwa nini nasema zana hizi ni kitu cha kikundi na si cha duka. Zote zinatengenezeka au kupatikana kwa mwendo wa miguu kutoka hapa tulipokaa. Zikiharibika zinatengenezwa na watu tunaowajua.

Wenzangu wanaotaka mashine wana hoja, na nisizipindishe. Mashine inafanya kwa dakika tano ninachofanya kwa nusu saa. Wakati wa Sikukuu, wakati wa Idi na shule zikifunguliwa, foleni inakuwa ndefu na tunapoteza kazi. Mwaka 2023 kuelekea mwanzoni mwa 2024, mgao wa umeme ulipotubana, ningeweza kusema mashine ingelala. Lakini mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulianza kuzalisha Februari 2024, kwa hiyo hoja ya umeme peke yake siitegemei.

Ninachotegemea ni hiki. Mashine ya mkanda haijui makosa. Mkono usiojua kisu ukiwekwa mbele ya mkanda unaozunguka kwa kasi unakula soli, unakula mshono, unafika kwenye ngozi ya juu kabla hujapepesa macho. Mkono uliojifunza kwa tupa unajua lini uache. Kwa hiyo hata kama kesho tutanunua mashine, dada hawa saba lazima wapite kwenye tupa kwanza. Mimi nasema tuanze hapo, kwa fedha kidogo, mashine tuizungumze tukiwa na watu wa kuiendesha.

Nchi yetu ina somo lake juu ya jambo hili. Morogoro, katika miaka ya 1970, kilijengwa kiwanda kikubwa cha viatu kwa fedha za mkopo wa Benki ya Dunia. Kilikusudiwa kuuza sehemu kubwa ya viatu vyake Ulaya. Hakikufika huko. Mashine zilikuwepo, lakini hakikuwahi kutumia ila sehemu ndogo sana ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Walikuwa na mashine za kisasa kuliko hii tunayoizungumzia hapa. Sasa sisi na mfuko wetu wa hisa, ambao kila shilingi yake ina jina la mtu, tukikosea hatuna Benki ya Dunia ya kutusubiri.

Jambo la pili ni hili la kuhama. Naomba nizungumze taratibu hapa, maana wapo waliopoteza mali. Soko Kuu la Kariakoo, lile alilolisanifu Mtanzania mwenzetu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Miezi mitatu baadaye, Oktoba, wamachinga wakaondolewa barabarani na kupelekwa maeneo yaliyotengwa. Januari 2022 Soko la Karume pale Mchikichini likaungua, na hapo ndipo wengi wetu tulikuwa tunachukua viatu. Ndani ya mwaka mmoja, ndugu zangu! Nani alirudi kazini kwanza? Mnawajua, mmoja amekaa hapo mbele. Wale ambao kazi yao ilikuwa kwenye kikapu. Walibeba kisu, tupa, nyundo na mguu wa chuma, wakakaa chini ya kivuli kingine, na siku ya pili walikuwa na wateja. Waliokuwa na mashine ya kushonea iliyofungwa kwenye meza ndani ya kibanda walikwenda kutazama majivu.

Sisemi zana za mkono haziungui. Nasema unazilaza nyumbani.

Na hapo kwenye kulaza nyumbani nina neno zito, pengine zito kuliko kura yenyewe, na naomba akina mama walionyamazisha watoto wawanyamazishe kidogo tena. Ni habari ya gundi na vumbi.

Wengi wetu tunafanya kazi hii chumbani. Mlango umefungwa kwa sababu ya vibaka, dirisha limezibwa na belo, mtoto amelala kitandani, kopo la gundi limefunguliwa. Ile harufu inayokuumiza kichwa jioni ni kiyeyusho kinachopaa kutoka kwenye gundi. Katika miaka ya 1960 huko Japani, watu waliokuwa wakitengeneza sandali majumbani, kazi ndogo ndogo kama hizi zetu, walianza kufa ganzi vidole vya miguu na mikono, miguu ikalegea, wengine wakashindwa kutembea. Madaktari wakafuatilia, wakakuta sababu ni kiyeyusho kiitwacho heksani kilichokuwa ndani ya gundi. Italia nako mafundi viatu wakapata maradhi hayo hayo. Wale wa Japani hawakuwa viwandani, walikuwa vyumbani. Kwa hiyo dada akiniambia vidole vinamwaka moto na kufa ganzi, mimi simwambii ni uchovu. Namwambia afunge kopo, atoke nje, aende hospitali na amweleze daktari kazi anayofanya.

Vumbi la ngozi nalo si la kudharau. Shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, IARC, limeliweka katika kundi la kwanza, yaani kundi la vitu vinavyojulikana kuleta kansa kwa binadamu, na hasa kansa ya pua. Sasa fikirini: tupa inatoa vumbi zito, linaanguka miguuni, unalifagia. Mkanda wa mota unalirusha likiwa jepesi kama unga wa poda, linaelea, linaingia kifuani. Mashine za viwandani huwa na bomba na feni ya kulifyonza. Hii tuliyoletewa bei yake haina, niliuliza. Feni ya kufyonza inauzwa peke yake. Basi katika hesabu ya mashine iandikwe na feni, na chumba chenye madirisha mawili yanayotazamana, na kodi ya chumba hicho. Mama Mweka Hazina ni shahidi kwamba hesabu iliyoletwa mkutanoni ilikuwa na mashine peke yake.

Kwa wanaofanya kwa mkono nashauri hivi. Gundi ipakwe nje, kibarazani, mgongo wako ukielekea upepo unakotoka ili harufu iende mbele yako isikurudie usoni. Kopo lifunikwe kila baada ya kuchota. Gundi isikae karibu na jiko la kupashia pasi, hata kidogo, kwa sababu kinachopaa kinashika moto. Vumbi lifagiliwe kwa kitambaa chenye maji, siyo ufagio mkavu. Mtoto asilale chumba kimoja na gundi. Wenye nyumba wengine hawapendi kazi kibarazani, najua. Kikundi kinaweza kwenda kuzungumza nao kwa pamoja, kama tulivyokwenda kuzungumza ile mara ya choo.

Pendekezo langu kwa kura ni hili. Tununue seti saba. Kila seti iwe na kisu, kinoo, tupa mbili, nyundo, mguu wa chuma wa kugongea, pasi moja ya ukingo, mfupa mmoja, na donge la nta. Isiwe zawadi, iwe mkopo wa kikundi kama mikopo mingine, na marejesho ya kila wiki, ili kila mmoja aijue seti ni yake. Vioo na kandambili kuukuu hatununui. Mama zetu wa mitumba waahidi kuwapa dada hawa kazi ya kwanza ya kila belo badala ya kuwapelekea mafundi wa mbali, na walipe bei ya kawaida, wasilipe bei ya udugu. Bei ya udugu ndiyo inayoua mafundi wachanga. Mimi nitakaa nao Jumatano na Jumamosi mchana. Kwa upande wa masomo zaidi, SIDO ipo tangu mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo kama hivi, na Mwanza kuna Kampasi ya Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam inayofundisha mambo ya ngozi na viatu. Tukipata wafadhili wa nauli na ada, dada mmoja aende, arudi atufundishe. Waalikwa, neno hilo limewafikia.

Baada ya mwaka mmoja tuhesabu. Kama dada watano kati ya saba wamemaliza marejesho na foleni ya Idi bado inatushinda, mimi mwenyewe nitanyosha mkono wa mashine, pamoja na feni yake.

Zana zangu nimeziweka kwenye meza ile karibu na mlango, na pea mbili za viatu: moja imeishia kwenye tupa, nyingine imefika mpaka kwenye nta. Baada ya chakula njooni mpitishe kidole ukingoni. Pasi ipo juu ya jiko, ina moto, na kopo la vioo tafadhali watoto wasilisogelee.